Mwaka Niliowanyonyesha Wawili

Yustina tulimzika siku ya Alhamisi, kwao, upande wa Mahenge, ambako udongo ni mwekundu na asubuhi mtu hawezi kutoka nje bila sweta. Nilipanda basi na Damiani kutoka Ifakara. Yeye sasa ni mtu mzima wa miaka sitini na kitu, mwenye mvi kunishinda, na njia nzima alinishika mkono kila gari liliporuka, kana kwamba nimekuwa yai. Watoto wanne wa Yustina walitupokea mlangoni wakaniamkia shikamoo mmoja mmoja. Binti mkubwa kati yao akanikalisha kwenye mkeka karibu na jeneza, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama alikuwa anakutaja sana. Alituambia kaka yetu Damiani alipona kwa maziwa yako." Nikasubiri aongeze neno. Lilikuwapo neno la kuongeza, na wote waliolisikia siku lilipotamkwa wamekwisha kufa, isipokuwa mimi. Binti akanisogezea kikombe cha chai. Ndipo nikajua kwamba Yustina hakuwaambia. Alikaa nalo zaidi ya nusu ya karne, akaondoka nalo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Mwingereza angali anatawala. Mimi na Yustina tulikuwa wake wa ndugu wawili, yeye wa Otmari, kaka mkubwa, mimi wa Gaspari, mdogo, na kwa desturi yetu tukaitana "mwenzangu". Tuliishi uwanja mmoja na mama mkwe wetu, katika nyumba ya udongo yenye vyumba vitatu na ukumbi mwembamba uliokuwa ukinuka moshi na samaki wa kukaushwa. Chumba changu na cha Yustina vilitenganishwa na ukuta wa fito ambao udongo wake ulikuwa umedondoka juu, kwa hiyo tulizungumza tukiwa vitandani kila mmoja kwake, waume zetu wakituambia tunyamaze. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa mwaka haujaisha, na mimba ilikuja kama mgeni asiyepiga hodi. Yustina alikuwa ameolewa miaka minne bila kitu. Alikuwa amesali novena, zile sala za siku tisa, amekunywa mizizi, amesemwa kisimani mpaka akazoea kwenda kuteka maji mchana wa jua kali, saa ambayo wenzake wamelala. Kwa hiyo tulipojikuta wajawazito pamoja, yeye ndiye aliyekuwa na furaha kuliko wote uwanjani. Aliweka mkono wangu tumboni mwake, akasema, "Sikia, mwenzangu, huyu anacheza ngoma," na alikuwa akicheka hata peke yake jikoni, akichambua mchele.

Mimi nilijifungua shambani. Msimu wa kupalilia tulihamia kwenye mpunga, kwenye vibanda vya nyasi vilivyoinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ya maji, na uchungu ulinishika asubuhi nikiwa nimeinama na jembe dogo mkononi. Kabla jua halijasimama utosini, mama mkwe alikuwa amemdaka Melania kwenye kaniki yake. Uji tulioubandika asubuhi haukuwahi hata kuungua. Majirani wa vibanda vya karibu walikuja na samaki wabichi, perege, na jogoo, wakapika uji wa mchele wenye pilipili manga ili nipate maziwa, na mama mkwe akasimulia kwa kila aliyefika, "Huyu ni mwanamke. Katua mtoto kama mtu anavyotua ndoo ya maji. Hakupiga kelele hata moja." Nilikuwa nimeketi nimeegemea nguzo, nimechanika, nimechoka, nikinywa uji ule na kuzinywa zile sifa pamoja nao. Katika maisha yangu sikuwahi kusifiwa mbele za watu. Jioni Yustina akanikalia karibu, tumbo lake likiwa limeshuka, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Inauma, mwenzangu? Niambie kweli." Ilikuwa imeuma mpaka nikaona giza. Nilikuwa nimeuma gome la mti mpaka jino likalegea. Lakini mama mkwe alikuwa pale pale anakoroga mboga, na mimi nikajibu, "Si sana."

Ujauzito wa Yustina ulitimia wiki tatu baadaye, mvua zimekolea, maji yamefunika njia zote kati ya mashamba na mji. Siku ya kwanza alitembea akizunguka kibanda, ameshika kiuno. Siku ya pili aliacha kutembea. Mama mkwe alikuwa mkunga wa kuheshimiwa na hakuwa mtu mbaya; alimkanda, akamwombea, akamnywesha dawa zake zote. Ila kila Yustina alipopiga kelele alimwambia, "Mwenzio alijifungulia hapa hapa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi vumilia uwe mzazi." Nilikuwa pembeni namnyonyesha Melania. Yustina akanigeuzia uso, midomo imempasuka, akasema, "Ulisema si sana." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia baada ya kupotea. Nilijifanya namfunika mtoto.

Siku ya tatu Otmari alikataa kusubiri zaidi. Wanaume wakamlaza mkewe ndani ya mtumbwi, wakampitisha juu ya mpunga uliozama, na walipofika penye ardhi kavu wakambeba kwa kitanda cha kamba mabegani hadi hospitali ya misheni. Mtoto alitolewa kwa vyuma, kichwa kimerefuka, shavu lina alama nyekundu, lakini akalia. Mama yake alipoteza damu nyingi, kisha homa ikampanda. Nilipofika na uji siku chache baadaye nilimkuta kwenye kitanda cha mwisho cha wodi, akitazama dari. Sista aliyemhudumia aliniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba mama bado mgonjwa sana na maziwa hayatoki, na mtoto anahitaji titi. Nikampokea. Nikamweka kwenye titi la kushoto, Melania akiwa upande wa kulia, na yule mdogo akavuta kwa nguvu mpaka nikacheka. Nilipoinua macho nimwonyeshe Yustina, alikuwa amegeukia ukutani.

Alikaa hospitali karibu mwezi mzima, akarudi nyumbani mpunga umeanza kuiva. Ule mwili uliokuja ulikuwa wa Yustina, lakini hakuwa na sauti. Alikaa kwenye kigoda ndani ya chumba chake, mikono imelala mapajani viganja juu. Tulipopika pepeta, mpunga mbichi tulioukaanga na kuuponda, chakula alichokuwa akikipenda kuliko nyama, alichukua punje chache akazishika mpaka zikapoa. Mtoto alipolia, alikaza mwili wote kama mtu aliyesikia simba, lakini hakunyanyuka. Nilimletea akiwa ameshiba, nikamwambia, "Mshike basi, mwenzangu, anakutafuta." Akaficha mikono chini ya kaniki. "Wewe mshike," akasema. "Wewe unaweza."

Maneno ya watu niliyasikia yote, maana kazi yangu ilikuwa kunyonyesha, na anayenyonyesha huonekana kama hana masikio. Wanawake waliokuja kutwanga walisema anaringa kwa kuwa amezalishwa na Wazungu. Mmoja akasema amerogwa na mmoja wa waliokuwa wakimcheka kisimani. Mama mkwe alisema ni uvivu wa kupewa kila kitu kitandani. Siku moja nikiwa nyuma ya ukumbi nilimsikia Otmari akimwambia Gaspari, "Niliyempeleka hospitali si huyu niliyerudishiwa. Nimngoje mpaka lini?" Mume wangu akaanza kuongea habari ya nyavu. Siku ya arobaini ya mtoto ilipita bila kupikwa kitu. Hapakuwa na jina la ugonjwa ule, angalau si uwanjani kwetu. Malaria tuliijua, degedege tuliijua, na kichaa tulikijua kwa yule anayetembea uchi na kutukana. Mtu aliyekaa kimya, aliyeoga akiambiwa oga, tungemwita mgonjwa wa nini?

Jina la ugonjwa nimelipata uzeeni, kwa mjukuu wangu ambaye ni muuguzi: sonona ya baada ya kujifungua. Lakini ugonjwa wenyewe niliujua mapema zaidi, kwa mtoto wangu wa tatu. Alizaliwa vizuri, mchana, bila shida yoyote, na kwa muda wa kama wiki mbili nilimsikia akilia kana kwamba analia nyumba ya jirani. Nilitaka kulala nisiamke. Nilikuwa nimefika mahali alipokuwa Yustina, nikaogopa kutazama upande wowote, kisha siku moja nikaamka na njaa na ikawa imepita. Sikumwambia mtu. Ile methali ya mama mkwe imekuwa ikinikera tangu hapo. Mimi nilikuwa mzazi, nimelala ukuta mmoja na mwenzangu, na uchungu wake sikuujua.

Alijaribu kuniambia, hata hivyo. Ilikuwa asubuhi, tumekwenda mtoni kufua vitambaa vya watoto, maji yamepungua na mchanga umeanza kuonekana. Mama mkwe alitaka atoke nje apigwe na jua. Melania alikuwa mgongoni kwangu, na Damiani nimemlaza kwenye kapu kivulini. Yustina alikuwa amesimama mbali na maji, mbali na kapu, mgongo umegusa mti. Nikamwambia anisogezee sabuni. Hakusogea.

"Mwenzangu," akasema, "nikikuambia neno utalitunza?"

"Nitalitunza."

"Nikimshika yule mtoto, mikono yangu inataka kumwachia. Nikiwa karibu na maji ndiyo zaidi. Si mimi ninayetaka. Mimi naona tu, kama ndoto, anakwenda na maji. Kila siku naona." Alikuwa ameficha mikono nyuma ya mgongo. "Ndiyo maana simshiki. Usinipe. Hata nikikuomba, usinipe."

Nilishikwa na hofu, nikakusanya vitambaa vikiwa na povu, nikabeba kapu, tukarudi. Neno lake nililitunza. Sikumwambia Gaspari wala mama mkwe, wala sikumwambia padri. Miezi ile nilijisifu kwa ukimya ule, nikidhani ni uaminifu. Sasa naona kwamba palikuwa na hospitali mwendo wa nusu saa kutoka uwanjani, na sista aliyemfahamu kwa jina, na mimi sikumshika mkono nikampeleka. Na kitu kingine sikukiona siku ile: yule mwanamke waliyesema hampendi mwanawe ndiye peke yake uwanjani aliyekuwa akimlinda, kila saa, dhidi ya mikono yake mwenyewe.

Baada ya mavuno, kaka yake alikuja kumchukua. Mama mkwe ndiye aliyetuma habari: mrudisheni kwa mama yake, labda hewa ya kwao itamponya. Alivuka mto kwa kivuko akiwa amekaa juu ya kifurushi chake, bila kugeuka. Mtoto alibaki kwangu kwa kuwa ndiko kulikokuwa na maziwa.

Miezi ile sitaweza kuisema vizuri, kwa sababu nilikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo kosa langu. Nilikuwa na watoto wawili kifuani na watu walisimama njiani kunitazama. Melania alikuwa mpole, ananyonya na kulala. Damiani alinyonya akinitazama usoni, ameshika kidole changu kimoja, na nikijaribu kukitoa alikunja uso. Alama ya vyuma ilififia shavuni. Alianza kukaa, akaanza kutambaa, akawa anajikokota mpaka jikoni akisikia sauti yangu. Wanawake wa kanisani walianza kuniita Mama Damiani. Mwanzoni niliwasahihisha. Baadaye niliacha.

Yustina alirudi kabla ya mvua, mwezi wa kumi na mbili, pamoja na kaka yake. Nilikuwa uani nikipepeta, Damiani mgongoni, na nilimtambua kwa kicheko kabla sijamwona, maana alikuwa akimsalimia mtoto wa jirani njiani. Alikuwa amenenepa, macho yake yamerudi. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe: "Shikamoo, mama." Akanisalimia na mimi, akaomba maji ya kunywa, akanywa, na wakati wote huo macho yake yalikuwa begani kwangu, ambako kichwa cha mtoto kilikuwa kimechungulia. Otmari aliitwa kutoka shambani. Tukaketi ukumbini.

Kaka yake alieleza kwa heshima kwamba dada yake amepona, miezi mitatu sasa, analima, anapika, amewalea watoto wa ndugu zake bila tatizo. Amekuja kwa mume wake na mtoto wake. Otmari alikuwa akimtazama mkewe kama mtu aliyeota ndoto nzuri na anaogopa kuamka. Nadhani angesema ndiyo. Lakini mama mkwe alinigeukia.

"Mama Melania, wewe ndiye uliyekaa naye na ndiye uliyemlea mtoto. Mwenye kujua ni wewe. Amepona huyu? Ukisema amepona, mtoto apewe mama yake leo hii."

Mtoto alikuwa amelala, pumzi yake ya moto iko shingoni kwangu. Ningeweza kusema, "Amepona." Kupona kwake nilikuona kwa macho yangu. Badala yake nikasema, "Mama, mimi sijui. Ila aliniambia mwenyewe, kule mtoni, kwamba mikono yake ilitaka kumtupa mtoto majini."

Kaka yake akauliza, "Yustina, ni kweli ulisema?" Na Yustina, ambaye hakujua kusema uongo hata wa kujiokoa, akajibu, "Nilisema." Kisha akanitazama. "Mwenzangu," akasema, basi, neno hilo moja. Otmari aliinuka akatoka nje na hakurudi mpaka walipokwisha kuondoka. Mama mkwe alitamka kwamba mtoto atabaki, na kwamba mwanamke aliyesema maneno hayo hawezi kulala tena nyumba ile. Yustina hakubishana. Aliomba kitu kimoja: ambebe kidogo, akiwa ameketi pale pale, mbele ya wote, kisha aende. Mama mkwe akaniachia mimi niamue. Sauti zetu zilikuwa zimemwamsha mtoto. Akamwona mgeni amenyoosha mikono, akalia, akajibana mgongoni kwangu. Mikono yangu ilikuwa kwenye fundo la mbeleko. Nililikaza.

Ndoa ya kanisani haivunjwi, kwa hiyo walikaa hivyo, Otmari huku, Yustina kule. Miaka ilipopita Yustina akaishi na mwanamume mwingine wa kwao, akazaa watoto wanne, akawanyonyesha wote, hakuna hata mmoja aliyempa taabu. Lakini hakupokea komunyo mpaka Otmari alipokufa. Damiani tulimwambia akiwa darasa la nne kwamba mama aliyemzaa yuko Mahenge, kwamba aliugua, akamwacha kwetu alelewe. Alikwenda kumwona alipokuwa kijana. Alirudi akasema, "Ni mama mzuri. Alinichinjia kuku. Ila anakaa mbali nami kidogo, kama ananiogopa." Nikaendelea kuchambua mboga.

Tulipokuwa tunarudi kutoka mazikoni nilimweleza. Basi lilikuwa limekaribia daraja la Kilombero, na nilimsimulia kwa maneno machache, nikitazama mikono yangu, kwa sababu nilijua nikifika nyumbani nitanyamaza tena. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo hakunibeba? Hata kidogo?" Nikamwambia hakupewa. Nikamwambia, "Mimi sikukutoa mgongoni." Akaachia mkono wangu, akauweka pajani pangu taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Alinifikisha mpaka mlangoni, akaenda zake Kiberege anakoishi.

Damiani huja kwangu kila Jumapili baada ya misa, tangu alipooa. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Melania alipiga simu kwake, akaambiwa yuko salama, ana kazi. Jumapili ya tatu nilikuwa nimeketi barazani nikasikia baiskeli ikiegeshwa. Hakuniamkia. Akavuta kiti akaketi, si karibu, si mbali, kofia mkononi, akitazama kuku.

"Nisimulie tena," akasema. "Anzia alipoingia uani. Usiruke kitu. Alikuwa amevaa nini?"

Nikaanza. Gauni la bluu, nikamwambia, na kitambaa cheupe kichwani. Miguu ilikuwa na vumbi jekundu la kwao mpaka magotini. Mkononi alikuwa na kifurushi kidogo cha gazeti, na alipokaa ukumbini alikifungua mapajani, kabla mtu yeyote hajasema lolote. Lilikuwa shati. Alikuwa amelishona kwa mkono, lina vifungo viwili.

"Shati langu?"

"Lako. Lakini lilikuwa dogo, mwanangu. Lisingepita hata kichwani. Alikushonea kwa kipimo cha siku aliyokuacha."